Kiti cha Penye Tanuri

Mwandiko wangu ndio ulioniingiza katika ile nyumba. Nilisoma shule ya bweni ya masista huko Kilimanjaro, na sista mmoja alikuwa akitupiga vidole kwa rula kila herufi ilipolala vibaya. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Miaka mingi baadaye, hapa Stockholm, nilikuwa napokea makoti katika klabu ya watu wa koo kubwa, wale wenye ngao za ukoo ukutani na vyeo mbele ya majina yao. Siku moja katibu wa klabu akaniona naandika namba za makoti kwenye vikaratasi. Akasimama, akaniomba niandike jina lake. Wiki iliyofuata nilipewa meza, kalamu ya kuchovya na chupa ya wino mweusi, nikaambiwa kuanzia sasa kadi za mezani za dansi kuu ni kazi yangu. Mama wa Kiswidi aliyekuwa akiziandika alikuwa amestaafu kwa sababu ya macho.

Nyumbani Bredäng binti yangu alicheka sana. "Ska du skriva lappar åt grevar, mamma?" Yaani niwaandikie mabwana wakubwa vikaratasi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba vikaratasi hivyo ndivyo vinavyowaambia mabwana wakubwa pa kukaa. Nilijisikia sana siku hiyo, sitaficha.

Klabu yenyewe ilianzishwa na maofisa wa jeshi na wenye mashamba makubwa, enzi za mishumaa. Walikuwa wanakutana kucheza karata, kula na kuozesha watoto wao kwa wao. Dansi kuu ilifanyika mara moja kwa mwaka, katikati ya majira ya baridi, na inafanyika mpaka leo. Wanaume huvaa koti jeusi lenye mkia na medali za babu zao, wanawake glavu ndefu zinazopita kiwiko. Kwanza wanakula, halafu wanacheza, wakianza na ile dansi ya kutembea wawili wawili kuzunguka ukumbi. Kila mtu anakaa mahali kadi yake ilipo. Kwetu mtu akichelewa harusini watu wanabanana, anapenyezwa katikati, na sahani inapatikana. Pale sijawahi kuona mtu, hata mwenye mvi na wajukuu, akisogeza kiti chake upana wa kiganja.

Ili nijifunze namna ya kuandika vile vyeo virefu, katibu alinipa ufunguo wa kabati lenye vitabu vya dansi. Kila dansi ina kitabu chake: orodha ya dansi zilizochezwa, chakula kilicholiwa, na mchoro wa meza na jina la kila aliyekaa. Mwaka wa vita hawakucheza, lakini kitabu kipo, kurasa tupu. Nilivipenda. Nilikuwa nakula chakula changu cha mchana huku navisoma, naziona familia zinavyopanda kutoka meza za nyuma hadi za mbele, kizazi kwa kizazi, kwa mwendo wa konokono.

Sasa, katika kona ya ukumbi lipo tanuri refu la vigae vyeupe vyenye maua ya bluu. Zamani ndilo lililopasha ukumbi joto. Halijawashwa tangu yalipowekwa mabomba ya maji ya moto, na ukiligusa hata Julai ni baridi. Mbele yake huwekwa meza ya watu wanane, na kiti kimoja kinakaa mgongo wake karibu ugonge vigae.

Sikumbuki ilikuwa siku gani nilipokiangalia kile kiti kwa mara ya kwanza. Nakumbuka nilikuwa natafuta cheo cha bwana mmoja, nikakiona katika kitabu kimoja, hapo penye tanuri. Nikafungua kitabu cha mwaka uliofuata ili nihakikishe. Hayumo. Nikasema basi, alifariki, maskini. Pale penye tanuri alikaa mwingine. Nikafungua kinachofuata. Huyo naye hayumo. Nikaweka uma chini. Nikaenda nyuma na mbele, kitabu baada ya kitabu, mpaka chakula kikapoa. Aliyekaa pale mwaka mmoja, mwaka uliofuata jina lake halikuwepo, si pale tu, halikuwepo popote. Wazee, vijana, mume na mke akabaki mke. Ukiacha ule wa vita, hakukuwa na mwaka uliokosa.

Nilifunga kabati nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Mimi si mtu wa kuogopa viti. Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na nyumbani kwetu mambo ya mkono wa mtu hayakuzungumzwa mezani. Lakini nilishuka jikoni nikamsimulia rafiki yangu Mkongo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia vyombo pale. Alikausha mikono taratibu, kisha akanijibu kwa sauti ya chini, kana kwamba sahani zinasikia. "Dada, ile kiti inakula batu. C'est clair, ni wazi. Usiikae, hata ukiwa nafagia pale, usiikae." Nikamcheka. Tangu siku hiyo, nilipopanga kadi, ile ya penye tanuri niliiweka nikiwa nimenyoosha mkono, nisikaribie.

Nilikaa na jambo hilo miaka miwili. Wawili walikaa pale, wawili hawakurudi. Sikumwuliza katibu. Ungemwuliza nini?

Kulikuwa na mama mmoja mzee katika klabu ile, mjane, mwembamba kama ufagio, mwenye cheo kirefu kuliko yeye mwenyewe. Wenzake walimwita kwa cheo. Mimi moyoni nilimwita bibi. Mwaka wangu wa kwanza alinikuta naandika, akavuta kiti akaketi kando yangu, akataka kujua nilifundishwa wapi kuzungusha herufi namna ile. Nikamweleza habari za sista na rula. Akanionyesha vidole vyake, akasema hata wao walikuwa na mmoja. Baada ya hapo akija klabuni lazima apite kwangu. Nilimfundisha kwamba mtu wa umri wake anaamkiwa shikamoo na anaitikia marahaba. Akaishika. Kila aliponikabidhi koti lake alikuwa anangoja, anangoja kabisa, mpaka nimwamkie, ndipo aseme "marahaba" kwa kuivuta kama wimbo. Katika nyumba ile nzima ni yeye peke yake aliyengoja kitu kutoka kwangu.

Na kulikuwa na bwana mmoja, mtu mzima wa hamsini na kitu, mwili mkubwa, sauti kubwa. Huyu alikuwa akinitupia koti mkononi bila kugeuza shingo. Mara moja mkewe alisita hajui ampe nani lake, naye akamwambia, "Kipe hicho." Kiswidi kina neno la mtu na neno la kitu. Alitumia la kitu. Nilimeza. Lakini nilimweka akilini.

Mwaka wa tatu, Januari, katibu alinipa orodha ya viti kama kawaida, imepigwa chapa. Nikaenda moja kwa moja penye tanuri, kama ulimi unavyokwenda penye jino bovu. Jina lilikuwa la bibi.

Nilikaa na ile karatasi hadi nje kukawa giza, na Januari huku giza ni saa tisa alasiri. Nilijiambia ni kizee, siku zake zimehesabiwa hata bila kiti. Nilijiambia ni upuuzi. Nyumbani nilimsimulia binti yangu, naye bila kuinua macho kwenye simu akasema, "Mamma, det är bara en stol." Ni kiti tu. Sawa, kama ni kiti tu, basi hakuna ubaya kukibadilisha. Na zaidi ya hayo, mtu mzima wa miaka ile anakalishwaje kona ya nyuma, mgongo kwenye vigae vya baridi, vijana wakiwa mbele? Kwetu hilo lingekuwa tusi la kuwafanya watu wasimame. Hivyo ndivyo nilivyojipa haki.

Asubuhi ya dansi nilipanga kadi peke yangu, kama siku zote. Ubao wa viti wa pale mlangoni nao niliuandika mimi, kwa hiyo hakuna ambaye angegundua ila katibu. Kadi ya bibi niliipeleka meza ya pili, karibu na dirisha. Huko nyuma nafasi haingeweza kubaki wazi. Kulikuwa na majina zaidi ya mia ambayo ningeweza kuchagua, na mkono wangu haukuhangaika hata kidogo. Ulichukua kadi ya yule bwana.

Nataka kulisema hili wazi. Niliamini, au nusu yangu iliamini, kwamba aliyekaa pale atakufa. Na nilimweka pale.

Walianza kufika saa kumi na moja jioni, theluji mabegani. Bibi alinipa koti, akaitikia marahaba yake, akaenda kusoma ubao. Nilimwona anatafuta jina lake kule chini, kwenye meza ya tanuri, kwa kidole. Hakulikuta. Kidole kikapanda polepole mpaka meza ya pili. Nilitegemea atatabasamu. Aligeuka akanitazama mimi, moja kwa moja, na uso wake ulikuwa umeingiwa na hofu.

Yule bwana alikuja baadaye, anacheka na watu. Alisoma ubao akaacha kucheka. Wale aliokuwa nao walisoma pia. Nafasi ilitokea kumzunguka, hatua moja hivi, kama watu wanavyompisha anayekohoa. Aliingia ukumbini akiwa ameshika mkono wa mkewe. Katibu alikuwa mlangoni akiwasalimu wageni. Nilimwona anamfuata kwa macho mpaka penye tanuri, rangi ikimtoka. Kisha akageukia mgeni aliyefuata, akampa mkono.

Rafiki yangu Mkongo alikuwa akipita na sahani, na ndiye aliyenisimulia ya mezani. Waliokaa kushoto na kulia kwake walimgeuzia mabega, kwa adabu kabisa. Supu yake haikuguswa. Kabla hazijaondolewa sahani za supu alikuwa amesimama mbele yangu na mkewe, wanataka makoti. Nilimpa lake.

Bibi alipoondoka nilimvisha koti, nikimngoja aseme kitu. Alifunga vifungo vyote kwanza. "Kile kiti kilikuwa changu," akasema. "Nilikuwa nimejiandaa." Nilimwuliza kujiandaa kwa nini. Aliupapasa mkono wangu, akatoka.

Baada ya hapo nilianza kusoma matangazo ya vifo. Kila asubuhi kwenye treni ya laini nyekundu, kutoka Bredäng mpaka mjini, nilifungua gazeti kurasa za nyuma na kupitia majina, roho juu. Februari yote, Machi yote. Kanisani Jumapili, Wakenya na Wakongo na sisi Watanzania tukiwa tumepiga magoti pamoja, wenzangu waliombea watoto na vibali vya kuishi. Mimi nilimwombea mtu aliyeniita kitu. Niliomba asife. Sikuomba kwa upendo, niliomba kwa sababu sikutaka kuwa muuaji. Jina lake halikutokea. Nikaanza kupumua.

Aprili, mchana wa jua, kengele ya mlango wa klabu ililia, na alikuwa ni yule bwana. Mzima. Amekonda, lakini mzima, kasimama kwa miguu yake. Nusura nimkumbatie. Katibu, aliyemwona kupitia dirishani, alikuwa ameshaninong'oneza nimwambie hayupo. Nikamwambia katibu hayupo.

"Nitamsubiri," akasema, akaketi kwenye benchi la chumba cha makoti. Kisha akafanya ambalo hakuwahi kulifanya, akanitazama usoni. Alikuwa na macho ya kawaida kabisa, mekundu kidogo. "Wewe umekuwa hapa miaka kadhaa," akasema. "Unajua kile kiti ni nini?"

Nikasema sijui.

Akanieleza, kwa sauti ya chini, nadhani kwa sababu hakuwa amebakiwa na mtu mwingine wa kumweleza. Zamani, tanuri likiwaka, mtu ambaye klabu haimtaki tena alikalishwa pale. Hakuambiwa kitu. Aliungua mgongo mpaka akanyanyuka mwenyewe, akaenda, na mwaka uliofuata hakualikwa. Hapakuwa na barua wala sababu. Tanuri lilizimwa, desturi ikabaki. "Hakuna anayekufa," akasema, kana kwamba aliyasikia mawazo yangu. "Kuna wanaohamia shambani. Kuna wanaohamia nje. Watu niliokuwa nao tangu shule hawapokei simu yangu. Hawaulizi nimefanya nini. Wanadhani wenzao wanajua." Binti yake alikuwa ameshachaguliwa awe katika jozi ya kwanza kufungua dansi ya mwaka ujao, kama bibi yake na mama wa bibi yake. Sasa hayumo. "Wala yeye haniulizi," akasema. "Ananiangalia tu."

Akatoa pochi, na ndani ya pochi kadi. Ilikuwa imeanza kuchakaa pembeni. Jina lake, kwa wino mweusi, kila herufi imelala mahali pake. Sista angeridhika.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Nani aliamua?"

Katibu alikuwa nyuma ya mlango, nilikiona kivuli cha viatu vyake. Lakini si yeye aliyenifunga mdomo. Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: ni mimi, kwa sababu uliniita kitu, na kwa sababu nampenda bibi mmoja. Angeipeleka sentensi hiyo kwa wenzake, wangecheka kwamba mtunza makoti alikosea, na angerudishiwa kila kitu.

"Mimi naandika ninachopewa," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa. Akarudisha kadi kwenye pochi kwa uangalifu, akashukuru. Alinishukuru! Sikumwona tena.

Kiangazi kile bibi aliacha klabu kwa barua yake mwenyewe, akahamia kwa dada yake kusini. Kwa hiyo hata kumwokoa sikumwokoa. Yeye alikuwa anajua kile kiti ni nini, na alikuwa radhi nacho. Niliyemweka badala yake hakuwa radhi.

Nilijipa moyo kwamba klabu itagundua kosa. Katibu alikuwa na orodha yake, alijua vizuri kabisa kwamba kadi zimebadilishwa, na nilingoja aniite. Hakuniita. Vuli ikapita. Januari akaniletea orodha mpya, akaiweka mezani, akabaki amesimama. Nikaipitia. Jina la yule bwana halikuwemo, la mkewe halikuwemo, la binti halikuwemo. Nikaenda penye tanuri. Palikuwa wazi.

"Hapa pamesahauliwa," nikasema.

"Hapajasahauliwa." Alikuwa anaangalia kalamu yangu. Ni mtu mpole, katibu, ana mbwa mzee na hupenda kuzungumza habari za magoti ya mbwa huyo. "Miaka kumi na minne nimekuwa nikilijaza jina hilo mimi. Kamati hawaliandiki, wananiangalia tu. Silali wiki nzima kabla ya dansi. Mwaka jana ulilijaza wewe." Akavuta pumzi. "Kila mtu aliridhika. Hakuna aliyeuliza. Na mimi nililala."

Akaniachia orodha akaondoka, akifunga mlango polepole.

Nilikaa na majina yale mia na zaidi. Na ninaona aibu kusema kwamba kwa dakika chache niliyasoma kweli. Nilimsoma huyu aliyeacha koti lake sakafuni, yule aliyekejeli Kiswidi changu, na mkono ukaanza kupata joto. Nilipoligundua hilo niliiacha kalamu ikaanguka. Doa la wino liko kwenye meza ile mpaka leo, nadhani.

Niliandika kadi zote, kwa uzuri niliouweza. Ya mwisho niliandika jina langu, lile la ubatizo na la baba yangu, bila cheo. Asubuhi ya dansi nilizipanga zote, nikaliandika hilo jina ubaoni pia, chini kabisa. Safari hii sikunyoosha mkono kwa mbali. Nilienda mpaka penye tanuri, nikaiweka kadi yangu mbele ya sahani, nikainyoosha. Vigae vilikuwa baridi mgongoni. Halafu nilichukua koti langu nikapanda treni kurudi Bredäng.

Rafiki yangu alinisimulia baadaye. Aliapa alikuwa na hofu hata ya kupita karibu. Walimimina divai pale. Walileta supu, wakaiondoa, wakaleta samaki, wakamwondoa. Waliokaa kushoto na kulia waligeuza mabega, kwa adabu kabisa, wakikipa mgongo kiti kitupu. Katibu alikuja mara moja, akaisoma kadi, akaweka sawa kitambaa cha mezani, akaenda zake. Kesho yake sikupigiwa simu. Wala wiki iliyofuata. Hapakuwa na barua wala sababu.

Sasa nafanya kazi maktaba ya mtaa, Vällingby, naandika kwa kompyuta. Anwani ya yule bwana ninayo. Nimeshanunua bahasha mara tatu, na mara tatu nimefika kwenye jina lake nikakoma. Ataujua mwandiko kabla hajaifungua.